Albamu si skripti: kwa wadogo zangu mnaotaka kugeuza muziki kuwa filamu

Wadogo zangu, nimemaliza kuangalia editi zenu za kwanza na zote zinaumwa ugonjwa mmoja. Msanii akitaja mvua, mnaleta mvua. Akisema moyo unauma, anashika kifua. Akimtaja mama, mama anatokea mlangoni na kanga yake. Hapo katikati anaimba akiitazama kamera, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kisha mnaniambia ni filamu. Hizo ni video za muziki zilizopangwa foleni. Waliowatangulia waliniletea hayohayo, na nyinyi nawapenda mno kuwaacha mpite njia ileile.

Mnajua kila somo langu linaishia kwenye filamu Pink Floyd – The Wall ya mwongozaji Alan Parker, na leo ni hivyo hivyo. Ni albamu ya rock ya mwaka 1979 ya bendi ya Uingereza, Pink Floyd, sahani mbili, nyimbo 26, iliyogeuzwa mwaka 1982 kuwa filamu ya dakika 95 hivi ambayo watu wake karibu hawazungumzi. Kila shida mnayopambana nayo kwenye taimlaini ya kuhariri wale walikutana nayo, kwa pesa nyingi zaidi na ugomvi mkubwa zaidi.

1. Zimeni sauti, muangalie kilichobaki.

Chukueni dakika za mwanzo za filamu ile. Korido ndefu ya hoteli, mfanyakazi wa usafi na mashine yake ya kufyonza vumbi kule mbali. Ndani ya chumba, mwanamuziki Pink amekaa kitini mbele ya televisheni. Mkononi ana saa yenye picha ya Mickey Mouse, na sigara iliyoungua mpaka majivu yamekuwa marefu kama sigara yenyewe, hayajadondoka. Hajasema neno, lakini tayari mnajua huyu mtu hayupo pale. Kisha mfanyakazi anajaribu kufungua mlango, mnyororo wa ndani unakaza, na papo hapo tunarushwa kwenye lango lililofungwa kwa mnyororo likisukumwa na umati wa vijana. Lango linaachia, vijana wanamiminika mbio, na mbio zao zinachanganywa na za askari vitani. Mlango mmoja wa hoteli umetupeleka kwenye shoo na kwenye vita vilivyomuua baba yake, na hakuna aliyetueleza lolote. Gerry Hambling ndiye aliyeihariri. Rudieni hapo mpaka muone kwamba kilichobeba mkato ule ni mnyororo, kitu cha chuma kinachoonekana. Nyinyi mnakata kwa kufuata ngoma tu. Ngoma itawaambia mkate saa ngapi, haitawaambia mkate kwenda wapi.

2. Shoo ya jukwaani haitawaokoa.

Hapa nitakaa, kwa sababu hili ndilo kosa mnalolipenda kuliko yote: "Tutajazia na picha za shoo."

Na waliotengeneza The Wall walipanga hivyo. Roger Waters wa Pink Floyd, aliyeandika sehemu kubwa ya albamu ile na skripti ya filamu, ndiye angekuwa mhusika mkuu. Picha zingetoka kwenye shoo za The Wall zenyewe, ambazo ukuta wa matofali ya kadibodi ulikuwa unajengwa jukwaani tofali kwa tofali mpaka bendi ikapotea nyuma yake. Vibonzo vya mchoraji Gerald Scarfe vilikuwepo tayari, kwa kuwa vilikuwa vinarushwa juu ya ukuta huohuo. Parker alikuwa mtayarishaji tu; uongozaji walipewa wawili, Scarfe na mpigapicha Michael Seresin. Kwenye karatasi mpango huo ulikuwa kamili. Una wasanii, una seti kubwa kuliko ambayo yeyote kati yenu atapewa, una umati ambao hulipii hata soda. Nani angekataa?

Wakapeleka kamera ukumbi wa Earls Court, London, Juni 1981. Jukwaa lile lilikuwa na giza, maana shoo iliundwa kwa ajili ya macho ya watu waliokuwa ukumbini. Lenzi zilizoweza kupiga kwenye mwanga hafifu namna ile zilitoa picha isiyo na ukali wa kutosha kwa skrini ya sinema. Na hata pale picha ilipoonekana, ilionyesha bendi ikipiga muziki wake. Uchungu wa Pink, yule mtoto asiye na baba anayejifungia mwenyewe, haukuwemo. Utakuwemo vipi? Mtu anayeimba vizuri mbele ya maelfu ni mtu anayefanya kazi yake vizuri.

Na hawakuweza kurudia. Tarehe 17 Juni 1981 ndiyo mara ya mwisho wale wanne wa Pink Floyd walipanda jukwaa moja, mpaka Julai 2005 kwenye tamasha la Live 8, miaka 24 baadaye. Fikirini mmekaa chumba cha kuhariri na makopo ya filamu ambayo hayafai, huku bendi imeshatawanyika na ukuta umeshabomolewa.

Wakayaweka pembeni. Najua hili linavyouma. Kutupa picha ulizolipia ni kama kumwaga maji jangwani. Parker akashika uongozaji, Seresin akaondoka, na nafasi ya Waters akapewa Bob Geldof, mwimbaji wa punk kutoka Ireland ambaye hakuwa shabiki wa Pink Floyd na hakuwa amewahi kucheza filamu. Hapo ndipo filamu ilipozaliwa. Geldof haimbi wimbo mmoja baada ya mwingine. Sauti nyingi ni za bendi yenyewe, yeye anatenda. Anavunja chumba cha hoteli. Kisha anapiga magoti na kuyapanga mabaki sakafuni kwa usafi wa ajabu, kipande kwa kipande, kama mtu anayepanga bidhaa sokoni. Halafu anachukua wembe na kunyoa mwili wake, hadi nyusi. Wembe ule una historia: Juni 1975 Syd Barrett, mwanzilishi mwenza wa Pink Floyd aliyeugua akili, aliingia studio za Abbey Road amenyoa kichwa na nyusi, na wenzake hawakumtambua mara moja. Jambo lililowahi kuwaumiza watu hai likapewa mwili mwingine likafanywa mbele ya kamera. Hicho ndicho ninachowadai, na hamtakipata kwa kuongeza kamera ya tatu kwenye tamasha la msanii wenu.

(Huyo Geldof ndiye aliyeandaa Live 8 na kuwabembeleza wale wanne wakutane tena. Nikikumbuka hivyo nafurahi kila mara.)

3. Wimbo mnaoupenda utoeni.

"Hey You" ndio unaofungua sahani ya pili ya albamu, na mashabiki wake ni wengi. Ulipigwa picha, ukahaririwa, ukatolewa kwa sababu filamu ilikuwa inaelemewa. Baadhi ya picha zake zikaingizwa kwingine. Wakati huohuo waliongeza "When the Tigers Broke Free", ambao haumo kwenye albamu ya 1979, kwa sababu hadithi ilimhitaji baba. Baba mzazi wa Waters alifia Anzio, Italia, mwaka 1944, mwanawe akiwa na miezi tu. Kwenye filamu mvulana anafungua droo, anakuta sare na risasi za marehemu, anaivaa sare mbele ya kioo. Bega la koti linamning'inia. Orodha ya nyimbo inaamuliwa na bega lile, haiamuliwi na mashabiki.

4. Msiiogope albamu.

Mwongozaji Ken Russell alipoigeuza Tommy, albamu ya bendi ya The Who, kuwa filamu mwaka 1975, aliihamisha hadithi kutoka enzi ya Vita vya Kwanza vya Dunia hadi baada ya Vita vya Pili. Tena kwenye albamu baba anarudi na kumuua mpenzi wa mama. Kwenye filamu baba ndiye anayeuawa. Maana yote ya Tommy, mtoto wao anayeshuhudia mauaji hayo, kuwa kipofu, kiziwi na bubu inabadilika uzito. Pete Townshend, mwenye muziki, alishiriki kuandika nyimbo za ziada kwa ajili ya filamu hiyo. Kwa hiyo mkiniambia msanii hatakubali, kwanza muulizeni.

5. Kioo cha kweli hakivunjwi kwenye seti. Mwigizaji Ann-Margret alijikata kwenye Tommy, na kwenye The Wall Geldof alijikata mkono kwa kung'oa pazia la dirisha tu.

6. Mpeni mtazamaji pumzi. Waters mwenyewe alilalamika baadaye kwamba filamu yake inampiga mtu bila kumpumzisha, na hapo namuunga mkono ingawa naipenda.

7. Nembo yenu itatoka nje ya filamu.

Mmeniletea storibodi, yaani michoro ya kupanga picha, za gwaride, bendera na ngumi, na zinavutia kweli. Sikilizeni basi. Kwa ajili ya mkutano ule wa kutisha, Pink anapojigeuza dikteta, Parker aliajiri skinheads halisi, vijana wa magenge wanaonyoa vipara. Aliwahi kueleza kwamba akipiga kelele za kusimamisha, fujo zao ziliendelea. Kubalianeni na waigizaji wa umati ishara ya kusimama kabla ya kuwagawia sare, na mtu mmoja awe na kazi hiyo tu.

Lakini kubwa zaidi ni zile nyundo mbili za Scarfe zinazopishana. Alizichora kuonyesha ukatili usio na akili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kundi la wabaguzi wa rangi huko Dallas, Marekani, likazichukua likazifanya nembo yake na kujiita kwa jina la nyundo. Muziki huohuo Afrika Kusini ulikuwa umekwenda upande mwingine: mwaka 1980 serikali ya makaburu ilipiga marufuku "Another Brick in the Wall" baada ya wanafunzi waliogomea elimu ya kibaguzi kuufanya wimbo wao. Maneno yaliwafikia watoto waliodhulumiwa, nembo ikavaliwa na wadhalimu. Tofauti ninayoiona ni kwamba nyundo zile ni nzuri mno: zimechongwa vizuri, zinatembea vizuri, na hazina uso wa mtu aliyeumizwa nazo.

Basi kila fremu yenye bendera yenu nataka ndani yake kuwe na mtu anayeumia, anayeonekana uso. Storibodi zilizorekebishwa niwekeeni mezani kabla fundi wa vibonzo hajalipwa malipo ya kwanza.