Kwa wanaoingia katika karakana ya vitamutamu vya Kimisri

Anayeingia katika karakana ya familia inayotengeneza vitamutamu vya Kimisri hukuta kwamba sehemu kubwa ya urithi huo haijaandikwa popote. Mimi niliingia kwa ndoa, nikitokea Mombasa kwenda Cairo, nikafundishwa na baba mkwe wangu, ambaye hupima samli kwa kiganja na kuijua shira kwa namna inavyodondoka kijikoni. Ushauri wangu wa kwanza, kwa watoto wa ukoo, wakwe na wanafunzi vilevile, ni kuweka mizani karibu. Kabla mzee hajamimina kiganja chake kwenye unga, mwombe kwa adabu akimimine kwanza katika bakuli lililo juu ya mizani, uandike uzito, kisha urudie siku nyingine, kwa sababu kiganja hicho hubadilika kulingana na unga uliopo, na mabadiliko hayo ndiyo elimu yenyewe.

Anza na shira kabla ya kugusa unga, kwani basbusa (keki ya semolina), kunafa (nyuzi nyembamba za unga) na katayifu (vijichapati vinavyokunjwa na kujazwa) zote huitegemea. Kwetu tunatia kilo 1 ya sukari kwa nusu lita ya maji. Ikishachemka hatuikorogi tena, maana kuikoroga huirudisha sukari kuwa punje, na maji ya limau huizuia isigande. Aliyewahi kupika kaimati ataitambua kazi hii mara moja. Wengi hukosea joto: kunafa ya moto hunywa shira iliyopoa bila kupoteza ukavu wa nyuzi zake, lakini vyote viwili vikiwa vya moto hulainika.

Hakuna, hata hivyo, linalodai uangalifu kama kalenda. Kazi yetu hufuata mwezi mwandamo: kunafa na katayifu za Ramadhani, kahki za Idi, yaani biskuti za samli, kisha katika Mfunguo Sita vitamutamu vya Maulidi, yaani karanga, ufuta na dengu zilizoshikanishwa kwa sukari iliyopikwa, pamoja na wanasesere wa sukari. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku zipatazo 11, hivyo kila sikukuu huzunguka misimu yote katika miaka ipatayo 33. Mwaka 2015 Idi ya kufungua ilikuwa katikati ya Julai. Mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi. Unga wa kahki una samli nyingi, na katika joto la Julai samli hulegea mikononi, hamira huumua haraka, na nakshi zilizobanwa kwa koleo dogo hupotea tanuuni usipoupumzisha unga mahali pa baridi. Wakati wa kipupwe samli hiyohiyo huganda, na unga hupasuka unapoufunga juu ya tende. Mzee aliyedumu kazini zaidi ya miaka 33 ameziona sikukuu zote katika kila msimu, ilhali kijana aliyeanza juzi anaujua msimu mmoja tu na hudhani ameshahitimu. Muulize mzee walifanyaje Idi ilipoangukia Agosti, na majibu yake uyaandike kando ya vipimo, pamoja na tarehe na hali ya hewa.

Utajiuliza pia ni nini kinachoweza kubadilishwa. Kunafa ya mkono humiminwa kutoka katika chombo chenye matundu juu ya bamba la duara lililo moto, na nyuzi huondolewa zingali nyeupe. Mashine hufanya hivyo kwa kasi zaidi, nami siyaoni makosa ya kuitumia wakati wa Ramadhani, wateja wanapofurika. Samli ni suala jingine kabisa. Mafuta ya mimea ni nafuu, lakini harufu ya kahki hutoka kwenye samli ya maziwa, na mteja ambaye bibi yake alikuwa akinunua hapohapo huitambua kabla hajaonja. Samli ikipanda bei, pandisha bei ya kahki na umweleze mteja sababu, wala usiibadilishe kimyakimya. Inunue wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, pamoja na lozi na njugu nyingine, kwa sababu karakana zote za mji huvitafuta wakati uleule, na njugu uzihifadhi mahali pakavu penye baridi ili mafuta yake yasiharibike.