Fenibelti inalia: majibu kwa wanaotaka kuibadilisha wenyewe

Maswali mengi safari hii yanahusu ule mkanda mrefu ulio mbele ya injini, unaozungusha alteneta (inayochaji betri), pampu ya maji, pampu ya usukani na kompresa ya AC. Wengi tunauita fenibelti, ingawa kwenye magari mengi hauzungushi feni tena. Walioandika karibu wote wana magari ya zamani.

Fundi, gari langu linapiga mluzi nikiliwasha asubuhi, kisha linanyamaza. Ninunue mkanda mpya?

Usinunue bado. Jaza maji safi kwenye chupa ya kupulizia, washa injini, kisha puliza kidogo kwenye upande wa mkanda wenye matuta. Simama pembeni, mikono, nguo na nywele zikae mbali. Kelele ikikatika kwa sekunde chache halafu ikarudi, kuna puli (gurudumu linalopitisha mkanda) ambayo haiko kwenye mstari mmoja na nyingine. Ikizidi, mkanda unateleza: ama umelika, ama tenshona, yaani kile kifaa chenye springi kinachoukaza, imechoka na haiuvuti tena. Angalia pia kama una oili. Mpira uliokunywa oili hulainika na kuvimba, na ukifunga mkanda mpya kabla ya kuziba panapovuja, nao utaharibika vilevile. Zile dawa za kupulizia mkanda ili unyamaze sizipendi kabisa. Zinaficha ugonjwa na kunasa vumbi.

Wangu umetembea kilomita 140,000. Nimeambiwa ni mzima kwa kuwa hauna nyufa.

Kipimo cha nyufa kilifaa mikanda ya zamani ya neoprini. Mikanda ya siku hizi ni ya mpira uitwao EPDM, ambao unaweza kuisha bila kupasuka. Unalika taratibu kama soli ya kiatu. Ukunje kidogo, utazame mabonde yaliyo kati ya matuta. Kwenye mkanda mpya bonde lina umbo la V. Ukishalika, linapanuka na kuwa kama U, na mkanda unazama ndani ya puli hadi hauna mshiko. Kwa kilomita hizo mimi ningeubadilisha bila kusubiri dalili.

Dukani nimeonyeshwa mikanda miwili inayofanana. Nitaujuaje wangu?

Soma maandishi ya mgongoni. 6PK1880 maana yake ni matuta sita, umbo la PK, urefu milimita 1880. Kuwa makini hapa: injini ileile yenye AC na isiyo na AC hutumia urefu tofauti.

Naomba unieleze kazi yenyewe. Sijawahi kuifanya.

Kwanza hakikisha unazungumzia mkanda wa nje unaoonekana, si ule wa taimingi, unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, unaokaa ndani ya kifuniko. Wa taimingi ukikosea kuupanga unaweza kuvunja valvu, na huo sikushauri uanze nao.

Injini ipoe, uchomoe ufunguo, utoe waya hasi wa betri. Kisha piga picha au chora njia ya mkanda. Magari mengi yana kibandiko chenye mchoro huo chini ya boneti, lakini kwenye gari la zamani mara nyingi kimeshafutika. Usiruke hatua hii, maana mkanda ukishatoka, puli zote zitaonekana zinafanana.

Tafuta tenshona: ni mkono wenye springi na puli laini kwenye ncha. Nyingine zina tundu la mraba, nyingine kichwa cha bolti. Tia spana yenye mpini mrefu, uzungushe upande unaolegeza, uteleze mkanda kutoka kwenye puli iliyo rahisi kufikiwa, kisha urudishe mkono wa tenshona polepole. Usiuachie ghafla, na vidole visikae kati ya puli na mkanda. Kama tenshona haionekani popote, huenda gari lako linakazwa kwa bolti ya kurekebishia kwenye alteneta, au lina mkanda wa kunyumbuka usio na tenshona, ambao unahitaji kifaa chake cha kufungia.

Sasa, kabla ya kugusa mkanda mpya, zungusha kila puli kwa mkono. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapopita haraka. Puli nzima inazunguka kimya na laini. Ukihisi kama kuna mchanga ndani, au puli inayumba ukiitikisa, beringi yake imekwisha. Mimi niliwahi kuhisi mkwaruzo mdogo kwenye puli moja nikasema itavumilia. Beringi ilikwama na mkanda mpya ukaungua nikiwa barabarani usiku.

Pitisha mkanda kwa kufuata picha. Upande wa matuta unakaa kwenye puli zenye mifereji, mgongo kwenye puli laini. Malizia na ile puli rahisi. Halafu pitisha kidole kwenye ukingo wa kila puli, hasa ya chini usiyoiona vizuri: tuta hata moja likining'inia nje ya mfereji, mkanda utaanza kuchanika pembeni. Rudisha waya wa betri, washa kwa dakika moja, zima, ukague tena.

Ukikatika njiani naweza kuendelea mpaka nyumbani?

Taa ya betri itawaka na usukani wa haidroliki utakuwa mzito. Kama ndio unaozungusha pampu ya maji, simama na uzime. Injini inaweza kuchemka ndani ya dakika chache. Kwenye baadhi ya dizeli za zamani pampu ya vakyumu, inayofanya breki ziwe nyepesi kukanyaga, imefungwa nyuma ya alteneta, kwa hiyo mkanda ukikatika breki nazo zinakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara chache. Ukiwa na dizeli ya namna hiyo, usiendelee hata kidogo. Ivutwe kwa fimbo ya chuma au ibebwe, si kwa kamba.