Kabla hujaenda Shimoni kula samaki, tazama mwezi kwanza

Nishaulizwa na watu mpaka nimechoka, eti wapi mtu wa Mombasa anaweza kwenda asubuhi akarudi jioni akala samaki freshi, si huyu wetu wa friza, na jibu langu ni moja tu, vuka feri ushike njia ya Lunga Lunga, pita Diani na mahoteli yake usisimame, nenda hadi Shimoni, kijiji cha wavuvi huko pwani ya kusini. Ila kwenda tu haitoshi, manake mimi safari yangu ya kwanza nilirudi na hasira.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, upepo wa kusi lavuma mpaka vyombo vimevutwa juu mchangani, na sisi na njaa zetu tumekaa kwenye mkahawa mmoja wa njia hiyo (jina silitaji) tukaletewa changu wa kukaanga, nje mzuri, ndani nyama yamumunyuka kama unga. Huyo kalala kwenye barafu si siku moja wala mbili. Tukalipa tukanyamaza. Pale nje kulikuwa na mzee ashona wavu, nikamlalamikia, akaniuliza, "Mwanangu, kwani leo mwezi wa ngapi?" Nikamwambia wa saba. Akacheka, yeye aniuliza mwezi wa juu!

Basi ndo nikafunzwa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua, maji hutoka sana na hujaa sana, tofauti hupita mita 3, na kwetu huku bamvua maji hukupwa kama saa nne asubuhi hivi, miamba yote wazi, hapo ndo wenye pweza huingia na vijiti vyao. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, pweza utamtafuta. Ijumaa pia usiende, wengi hawaendi baharini, watu na msikiti wao. Na kama waweza kungoja, ngojea kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia kama Novemba mpaka Machi, bahari huwa imetulia.

Mara ya pili nikaenda siku mbili baada ya mwezi mpevu, matatu ya saa kumi na mbili kutoka Likoni, nikashuka kona ya Kanana, boda mpaka Shimoni (mwenye gari siku hizi anaweza kupita Dongo Kundu asijue habari za foleni ya feri). Saa sita na kitu vijana wakaanza kurudi. Mmoja alikuwa na pweza kwenye kijiti, yule pweza ngozi bado yabadilika rangi, mara kahawia, mara kijivu, mara nyeupe kabisa, kijana akambamiza kwenye jiwe wee mpaka povu likatoka. Ukiona hivo usiulize tena kama ni freshi. Samaki wa magamba mfunue mashavu, ndani pawe pekundu, macho yawe yametokeza, na mbonye ubavuni, shimo lirudi. Akinuka samaki muache, samaki freshi hunuka bahari tu.

Bei mkubaliane kabla, ya samaki na ya boti ya kwenda kisiwa cha Wasini pia, na laifu jaketi uvae hata kama wajua kuogelea. Wasini hakuna gari hata moja, ni miguu tu, na ni mji wa Waislamu, Wavumba ndo wenyeji, kwa hivyo dada zangu bebeni leso na kaka zangu msizunguke vifua wazi. Pweza wangu nikampa mama mmoja anipikie, nikamlipa kazi yake na nazi, akamtia sufuriani bila maji na bila chumvi, akatoka maji yake mwenyewe, akaiva humo humo mpaka akalainika, ndo tui likafuata na ndimu. Na wali wa nazi. Ukikuta mwani wa kukaanga onja, mie nilidhani ni mchezo, nikaongeza sahani ya pili.

Wa kubeba nyumbani nunua mwisho kabisa, na uende na ndoo yako ya rangi yenye mfuniko, barafu tele. Mimi nilitia kwenye mifuko tu, tulipofika Msambweni maji yashaanza kudondokea viatu vya jirani, na konda akanilipisha siti ya samaki.