Vigae juu ya nyumba ya baraza

Mkuu, umeuliza kama vigae vya udongo vitapendeza kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita unayojenga Kigamboni. Vitapendeza sana, ila anza na kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, kabla hujafika kwenye rangi. Vigae hivyo vina kilo 40 hivi kwa mita moja ya mraba, wakati bati halifiki hata 10. Fundi aliyezoea bati atakuachia nafasi kubwa kati ya kenchi, na baada ya masika mawili matatu utaona paa limebonyea katikati kama mgongo wa punda. Mwinuko nao usiwe chini ya nyuzi 25, la sivyo mvua ya upepo itarudisha maji chini ya vigae.

Kwa mbele, baraza usiliue. Shusha paa lilifunike lote, nguzo zipigwe lipu, ukuta uwe mweupe au krimu. Hela ikibaki iende kwenye mlango wa mninga wenye nakshi kwenye fremu. Mimi niliweka madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya bluu. Kila nikikaa barazani nayapa mgongo.