Jibu: Baba anasoma gazeti lakini anajikwaa kwenye stuli
Salaam ndugu. Umeuliza inakuwaje mzee wako mwenye ugonjwa wa macho uitwao glakoma asome gazeti vizuri, kisha ajikwae kwenye stuli iliyo mbele yake, hadi ndugu wanadhani anajifanya. Hajifanyi. Glakoma kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni na kuacha ule wa katikati, na kwa kuwa ubongo hujaza pengo hilo, yeye haoni giza pale. Stuli kwake haipo kabisa mpaka mguu uiguse. Anza na milango: iwe wazi kabisa au ifungwe, kwani ulioachwa nusu ndio uliompasua mama yangu paji la uso. Stuli zirudishwe ukutani, na ukingo wa kila kipandio cha ngazi upakwe rangi nyeupe. Nanyi watoto wake mkapimwe macho, maana ugonjwa huu huweza kurithiwa.