Derringer ya mfukoni inafaa kujilinda? Jibu kwa kijana wa Muheza

Swali limetoka kwa kijana wa Muheza anayenunua machungwa mashambani, anazunguka na hela kwa pikipiki kutwa nzima halafu jioni anarudi Tanga mjini na zilizobaki. Kaandika hivi: "Shikamoo fundi. Mwaka jana watu wawili walinisimamisha njiani wakaninyang'anya hela, sasa nafatilia leseni ya silaha. Binamu yangu yuko Marekani ananambia nichukue derringer, bastola ndogo, inakaa mfukoni hamna anayejua. We unaionaje?"

Marahaba mwanangu, na pole sana, hela inatafutwa lakini we umebaki mzima, hilo tushukuru. Mi nilikuwa jeshini kwenye ghala la silaha miaka mingi na sasa nafundisha walinzi hapa Tanga, kwahiyo nakwambia mapema: mi sikushauri uinunue. Ila ina uzuri wake pia na ntausema.

Jina limetokana na fundi wa Philadelphia, Henry Deringer, yeye r yake moja tu, ya pili ilikuja baadae. Bastola zake zilikuwa na mtutu mmoja risasi moja, na ndo aina aliyotumia John Wilkes Booth kumuua rais Lincoln mwezi wa 4 mwaka 1865. Watu wakiisimulia hiyo habari wanaishia hapo, mi huwa namalizia: Booth alivyofyatua ile moja hakuwa na kitu tena, meja Rathbone aliyekuwa amekaa na rais alipomrukia ikabidi atoe kisu. Na huyo alikuja kwa nyuma, amejipanga, anayempiga kakaa kwenye kiti. We utakuwa juu ya pikipiki, giza limeingia, mbele yako watu wawili na moyo unakwenda mbio.

Baadae zikaja za mitutu miwili, mmoja juu mmoja chini, za Remington ndo zilizovuma, zimetengenezwa 1866 mpaka 1935, na nyingi za sasa zimefata umbo hilo. Uzuri wake ni kwamba haina magazini (kile kikasha cha risasi) wala slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga), hamna cha kukwama, unaifungua unaona kwa macho yako kama ina risasi au haina. Hata ukiwa umekabwa umebanana na mtu inafyatua, wakati bastola ya magazini mdomo ukigandamizwa mwilini slaidi inaweza kurudi nyuma kidogo ikagoma. Na kwa hewa yetu hii ya chumvi inayokula chuma usiku na mchana, kitu chenye vipande vichache ni rahisi kukisafisha na kukipaka mafuta. Hapo naisifu kwa moyo mmoja.

Sasa tatizo. Watu wanasema tatizo ni risasi mbili tu, ni kweli, lakini kubwa zaidi ni kwamba ile bastola ni ngumu kuitumia vizuri kuliko inavyoonekana. Nyingi lazima uikoki kwa kidole gumba kila risasi, nyundo yenyewe ndogo na kidole kina jasho, halafu traiga nzito, na mtutu mfupi wa inchi tatu hivi kwahiyo ukitetemeka kidogo tu risasi imekwenda pembeni. Mpini hautoshi kiganja, vidole viwili vinaning'inia. Ukichukua ya kaliba kubwa, yaani risasi nene, zipo zinazopiga risasi za .45 na za shotigani .410, teke lake linaumiza mkono, mi niliipiga siku moja risasi sita nikaiweka chini, na mimi hii ndo kazi yangu. Sasa bastola inayokuumiza hutofanya nayo mazoezi, na usipofanya mazoezi siku ya siku itakuwa chuma tu mfukoni. Ukikimbilia zile za zamani za .41 teke hamna, lakini risasi yake inatoka mita kama 130 kwa sekunde, ndogo sana hiyo, bastola ya milimita 9 inapita 300.

Na kuna hili la kuanguka. Za mtindo wa zamani nyundo ikiwa chini inakaa juu ya pini inayogonga risasi, ikidondoka kwenye sakafu au ukiigonga kwenye tanki la pikipiki inaweza kulia yenyewe, na nyingine hazina hata kile chuma cha kuzunguka traiga. Mfukoni, kwenye rasta za Muheza, hapana mwanangu, hapo chini una mapaja yako. Za sasa nyingi zina sefti, kile kizuizi cha kuzuia isilie yenyewe, lakini uikague kwanza.

Halafu angalia uzito, maana hapa ndo wengi wanadanganyika. Derringer imara ya chuma inafika karibu gramu 600 na risasi mbili. Rivolva fupi, ile bastola ya silinda inayozunguka, ya .38 yenye bodi ya alumini ni gramu 400 na kitu, ina risasi tano, huhitaji kuikoki, unavuta traiga tu. Udogo ulioutafuta uko wapi hapo?

Usisahau na sheria, ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Binamu asikutumie kitu kwenye mzigo, hata kama ni zawadi, hiyo ni kesi. Na kujitetea Kanuni ya Adhabu inaruhusu lakini kwa nguvu ya kadiri, mtu akishakimbia na hela mgongo umekugeuzia ukimpiga hujajitetea tena. Uliza pia kabla ya kulipa risasi za kaliba hiyo utazipata wapi kihalali, maana silaha isiyo na risasi za mazoezi ni kujidanganya.

Kwa sasa wakati leseni inashughulikiwa walipe wakulima kwa simu wanaokubali, badilisha njia na saa, usirudi mjini peke yako. Ikitoka, kabla hujalipia bastola yoyote njoo Tanga tupige shabaha siku mbili, na uje na suruali ileile unayovaa shambani, tuone hiyo silaha inatokaje mfukoni.