Mashariki na Magharibi kuhusu maana ya maisha: ushauri kwa anayeanza kusoma

Ukiingia kwenye somo hili, hutachelewa kukutana na jedwali la safu mbili. Huku Mashariki: jamii, utulivu, kupatana na ulimwengu. Kule Magharibi: mtu binafsi, hoja, kuutawala ulimwengu. Linakaririka upesi na linafaa kujibia mtihani, ndiyo maana halifi. Nakuomba usilitegemee. Nimeona wanafunzi wenye vipaji wakilibeba hadi mwaka wa mwisho, na kila kitabu wanachokifungua wanatafuta humo uthibitisho wa safu yake tu.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usianze na "maana ya maisha". Swali hilo ni pana mno, na wengi utakaowasoma hawakuliuliza kwa namna hiyo. Aristotle (384–322 KK) aliuliza jema kuu la binadamu ni lipi. Budha aliuliza mateso yanatoka wapi na yanakomaje. Confucius (551–479 KK), alipoulizwa na mwanafunzi wake Zilu kuhusu kifo, alimrudishia swali: ikiwa uhai wenyewe hujaujua, kifo utakijuaje? Ukiwalazimisha wote watatu wajibu swali lako, utaishia kuvuna mawazo yako mwenyewe na kuyabandika majina yao. Tafuta jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kulikwepa. Mimi huchagua msiba.

Anza na China, na soma wawili tu. Confucius alifiwa na Yan Hui, mwanafunzi aliyempenda kuliko wote. Alilia hadi waliokuwa naye wakamwambia amezidisha. Akawajibu: nisipomlilia huyu, nimlilie nani? Ndiye huyohuyo aliyetetea maombolezo ya miaka 3 kwa mzazi. Zai Wo, mwanafunzi wake mwingine, alipodai kwamba mwaka mmoja unatosha, Confucius alimuuliza kama moyo wake ungetulia akila wali mzuri na kuvaa mavazi ya thamani mapema hivyo. Zai Wo akasema ungetulia. Basi fanya, akaambiwa. Alipotoka nje, mwalimu akasema mtu huyu hana utu, maana mtoto huchukua miaka 3 kabla ya kutoka mikononi mwa wazazi wake. Soma mazungumzo hayo polepole. Hakuna nadharia iliyotangazwa humo, lakini unaona wazi kwamba kwa Confucius maisha hutimia ndani ya mafungamano ya watu, na huzuni ni sehemu ya kuyatimiza.

Sasa fungua kitabu cha Zhuangzi, Mchina aliyeishi karne ya 4 KK. Mke wake amefariki. Rafiki yake Huizi anakuja kumpa pole, anamkuta amekaa chini kanyoosha miguu, anapiga beseni na kuimba. Huizi anamgombeza: mmeishi pamoja, amekulelea watoto, amezeeka nawe, kutolia kungekuwa kubaya tosha, wewe unaimba! Zhuangzi anakiri kwamba mwanzoni alihuzunika kama mtu yeyote. Kisha akafikiri: kabla ya kuzaliwa mke wangu hakuwa na uhai wala umbo, mabadiliko yakamleta, na sasa mabadiliko yamemchukua, kama misimu minne inavyopokezana. Kuendelea kuomboleza kungekuwa kutoelewa mwendo huo.

Jedwali linawaweka hawa wawili safu moja.

Vuka uende Ugiriki na Roma. Aristotle anamtaja Priam, mfalme wa Troya aliyepatwa na maafa makubwa uzeeni, na anasema mtu mwema atabeba mikosi kwa heshima, lakini aliyepatwa na ya Priam hatuwezi kumwita mwenye heri. Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa, anafundisha kinyume: unapombusu mtoto wako, jikumbushe kwamba unambusu binadamu anayekufa, ili akiondoka usivurugike. Epictetus anaonekana kusogea kwa Zhuangzi, na Aristotle kwa Confucius.

Hapo ndipo wengi hushangilia na kuandika kwamba "wote wanasema jambo moja". Kosa hili naliona baya kuliko lile la jedwali, kwa sababu linaonekana kama hekima. Uliza sababu zao. Epictetus anatulia kwa kuwa anaamini ulimwengu unaongozwa na akili ya kimungu, na kwamba kilicho chetu kweli ni hukumu zetu tu. Zhuangzi hamtaji msimamizi yeyote katika kisa hicho. Kuna kugeuka tu. Aristotle naye, baada ya kuzungumzia familia na marafiki kwa kirefu, anamalizia kitabu chake cha maadili kwa kuyaweka maisha ya tafakuri juu kabisa, jambo ambalo Confucius hakulifanya. Kazi ya kulinganisha inaanzia kwenye sababu.

Jenga pia mazoea ya kumtafuta mpinzani wa nyumbani. Mozi, mwanafalsafa mwingine wa China, aliwashambulia wafuasi wa Confucius kwa hoja kwamba maombolezo marefu yanafukarisha watu na kusimamisha kazi. India kulikuwa na Wacharvaka, waliokana maisha baada ya kifo. Anayesoma China bila Mozi hajui Confucius anatetewa dhidi ya nani.

Mipaka yenyewe inavuja. Ibn Rushd, aliyezaliwa Córdoba na kufariki mwaka 1198, aliandika kwa Kiarabu fafanuzi za Aristotle ambazo wasomi wa Paris walizitegemea kwa Kilatini. Mwandike safu gani? Schopenhauer, mwanafalsafa wa Ujerumani, alizipenda Upanishadi, maandiko ya kale ya India, kupitia tafsiri ya Kilatini ya 1801–1802, iliyotokana na tafsiri ya Kiajemi ya mwaka 1657.

Kwa insha ya kwanza, ongeza kisa cha Kisa Gotami, mama aliyefiwa na mtoto. Budha alimtuma akatafute mbegu za haradali kwenye nyumba ambayo haijawahi kufiwa, na hakuipata. Andika kurasa 2 tu: je, fundisho hilo liko karibu zaidi na Epictetus, au na Confucius aliyemlilia Yan Hui? Usiandike "yote mawili" mpaka uwe umeonyesha ni sentensi ipi ya kila mmoja inayokupa haki ya kusema hivyo.